Siku Tulipogeuza Mzunguko

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nilikabidhiwa mtambo mdogo wa kuchunguza jinsi hewa inavyopoza kutoka ndani mapanga ya turbini, yaani sehemu ya injini inayozungushwa na gesi ya moto. Gesi inayoingia kwenye turbini ya ndege ya kisasa huweza kuzidi nyuzi 1,500 za Selsiasi, ilhali aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli inayotengenezewa mapanga hayo huanza kuyeyuka kabla ya nyuzi 1,400. Kwa hiyo hewa yenye ubaridi kiasi hupitishwa katika vijia vyembamba ndani ya panga, nalo likizunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Mfereji wetu ulikuwa wa mraba wenye upana wa milimita 20, uliofungwa kwenye mkono unaozunguka, na hewa iliupitia kutoka karibu na mhimili kuelekea nje. Kuta zake mbili zilipashwa moto kwa umeme wa kiasi kilekile, na waya za kupimia joto zilitoa ishara zao kupitia pete za shaba na brashi za kaboni. Mtambo ukiwa umesimama, kuta zote mbili zilionyesha nyuzi 62. Nilipouzungusha mara 600 kwa dakika, bila kugusa umeme wala kiasi cha hewa, ukuta mmoja ulishuka hadi 54 na mwenzake ukapanda hadi 73.

Fomula niliyoikariri ilikuwa ya mabomba yaliyotulia, nayo hutoa jibu moja kwa kuta zote. Nikaandika daftarini kwamba waya zimeharibika, kisha nikamaliza siku mbili nikizifungua moja moja na kuzichovya katika maji yenye barafu inayoyeyuka. Kila moja ilisoma sifuri, kama ilivyopasa.

Msimamizi wangu alilitazama daftari kwa muda, akaniuliza, "Umejaribu kuuzungusha upande wa pili?"

"Bado, Mwalimu."

Tulizima mota, tukabadilisha nafasi za waya mbili kati ya tatu zinazoilisha umeme ili izunguke upande wa pili, tukawasha tena. Mtambo ulipokuwa umesimama namba zilikuwa zimekaribiana; sasa zikaanza kuachana polepole, na ukuta uliokuwa wa moto ndio ulioendelea kupoa. Nilisimama mbele ya kipimo hadi zilipotulia: 54 na 73, zimebadilishana kuta. Waya mbovu isingejua mota inazunguka kuelekea wapi.

Mwalimu alinichorea sababu yake pale pale. Hewa iliyo karibu na mhimili huzunguka kwa mwendo mdogo, na kadiri inavyokwenda nje hukuta mfereji ukienda kasi kuliko yenyewe. Hivyo hubaki nyuma na kusukumwa kwenye ukuta wa nyuma. Hiyo ndiyo kani aliyoieleza mwanasayansi Mfaransa Coriolis mwaka 1835. Hewa baridi ya katikati huukandamiza ukuta wa nyuma na kuupoza vizuri, kisha hurudi ikiambaa na kuta za pembeni, imekwisha kupata joto, na kuuacha ukuta wa mbele na hewa dhaifu. Katika kijia kinachorudisha hewa kuelekea mhimili, mambo hugeuka.

Lililonishtua zaidi ni kwamba wastani wa kuta zile mbili haukuwa mbali sana na ule wa mtambo uliosimama. Mhandisi anayetegemea wastani pekee ataridhika na panga ambalo upande wake mmoja unaungua.

Jioni ile nilikata mstari uliozilaumu waya, na kando ya namba 73 nikaandika: "ukuta wa mbele."