Mbarika chini ya mwasumini

Bibi yangu hakuwahi kumgusa Popi kwa mkono. Mbwa ni najisi, akikulamba unajiosha mara saba, moja kwa udongo. Hilo tulilijua kabla ya kujua kusoma. Lakini ukoko wa wali na vichwa vya samaki hakumnyima hata siku moja. Popi alikuwa wa mjomba. Tuliishi Chumbageni, Tanga, nyumba yenye mwasumini mlangoni na mbarika uliojiotea kando ya choo.

Mbegu za mbarika ule ndizo bibi alizotengenezea mafuta ya nywele. Zina marakaraka, zimetuna kama kupe aliyeshiba damu. (Ukubwani nikaja kusoma kwamba jina lake la kitaalamu, Ricinus, ni Kilatini cha kupe. Kumbe hata wao!) Siku hiyo nilipewa kinu nizitwange, yeye aje azichemshe. Akili yangu iko kwenye mpira. Kinu kikapinduka, unga ule wa mafutamafuta ukamwagika, nami badala ya kusema nikaufukia chini ya mwasumini, nikasawazisha udongo kwa wayo.

Asubuhi Popi kalala ukutani, hainuki. Ametapika, na choo chake kina damu. Chini ya mwasumini pana shimo la kuenea kichwa chake.

Bwana mifugo akaja na baiskeli. "Shikamoo bibi. Amekula nini huyu?"

"Marahaba. Wali tu, mwanangu, kama siku zote."

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Akauliza tena, safari hii akinigeukia mimi. Ndipo nikasema.

Hakunikaripia. Alitundika dripu kwenye tawi la mpera, akawa anaeleza huku akitafuta mshipa: mbegu ikimezwa nzima na ganda lake huenda ikapita hivyo hivyo, ila ikitafunwa au ikitwangwa, sumu yake, risini, inatoka. Kwenye mafuta haiingii, inabaki kwenye mashudu. Dawa ya kuiua hakuna. Ni kumtilia maji mwilini na kungoja.

Tulingoja siku tatu. Bibi alihamia kibarazani na tasbihi yake, eti anapunga upepo. Siku ya nne Popi akalamba uji.

Jioni ile bibi alishika panga mwenyewe, akaukata mbarika mpaka shinani. Tangu hapo mafuta ya nywele yakawa ya kununua Ngamiani, na wa kutumwa, jua liwake au mvua inyeshe, ni mimi.