Seva ya Keko

Mwaka 2017 nilikuwa napiga video za harusi na sherehe ndogondogo hapa Dar, kamera moja, laptopu moja na diski moja ya nje ya terabaiti 2 ambayo ndo ilikuwa imebeba maisha yangu yote, kazi za wateja, picha za watoto, picha za zamani za mama nilizoziskani mwenyewe moja moja. Siku hiyo nahariri video ya kipaimara ya mtoto wa jirani, diski nimeiweka juu ya stuli, mwanangu wa pili akapita mbio anamkimbiza paka, mguu ukanasa waya. Ilidondoka kimo cha goti tu. Nilipoichomeka tena ikawa inalia tik, tik, tik, kimya, alafu tik, tik, tik tena. Aliyewahi kuusikia huo mlio anaujua.

Jirani nikamrudishia hela yake. Kwa miezi miwili nikawa natokea njia ya nyuma kwenda dukani, maana mke wake kila akiniona ananiamkia kwa sauti, "shikamoo mpiga picha", na mimi wala si mkubwa kwake.

Hapo ndo nikasema natengeneza seva. Sio kitu cha ajabu, ni kompyuta tu inayokaa nyumbani haizimwi, ndani ina diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa wakati mmoja, moja ikifa nyingine inaendelea, na kila mtu mwenye simu au laptopu mle ndani anafungua mafaili kupitia rauta. Zinauzwa zikiwa zimeshatengenezwa, ila bei ya boksi tupu, bila diski hata moja, ningeongezea kidogo nikapata lensi. Kwaiyo nikaenda Kariakoo nikapata desktopu ya mtumba, bei poa kwa sababu moja tu, kasha lake lilikuwa limebonyea kama limekanyagwa na bajaji. Madabodi, ule ubao wa ndani unaounganisha vifaa vyote, ni nzima, ramu giga 8, na pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, inazunguka. Nikaongeza diski mbili mpya za terabaiti 4, 320,000 kila moja, hapo mfuko ukalia kweli.

Sasa rauta ipo sebuleni, kwaiyo na seva ikae sebuleni. Mke wangu aliliangalia lile bati lililobonyea akasema hicho chuma hakikai kwenye sebule yangu, kiweke chooni. Nikamwambia basi nitalichongea kabati lake. Nilisema kwa hasira kidogo lakini usiku wazo likaninogea.

Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu lenye viboksi, rula, nikapima. Madabodi sentimita 24.4 kila upande. Diski urefu 14.7, upana 10.2, unene 2.6. Pawa saplai 15 kwa 14 kwa 8.6. Nikavipanga kwenye karatasi kama nguo kwenye begi la safari, mpaka hakuna upenyo uliobaki bure, nikaona nimeokoa mbao na nimeokoa hela. Nilijiona injinia kabisa.

Keko kila mtu anaijua kwa samani. Nilizunguka kwa mafundi wanne, watatu wakanitajia bei ya kabati la nguo, wa nne ni mzee mmoja ana kibanda pembeni, anavuta sigara huku anapiga randa. Akaigeuza ile karatasi mara mbili.

"Hili la njiwa?"

"Hapana mzee, la kompyuta."

"Kompyuta si inakuja na boksi lake?"

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri tu, akasema la mninga, kwa sababu mninga hauchezi, mvua na jua unakaa vilevile. 180,000. Nikabembeleza, nikalia njaa, nikamtaja mpaka mtoto anayesoma, tukafika 120,000. Akavuta sigara yake akasema sawa kijana, lakini kwa hela hiyo mlango utakuwa wa paina. Nikamwambia weka tu mzee, mlango ni mlango.

Akasema njoo Ijumaa. Nikaenda Ijumaa tatu. Ijumaa ya kwanza aliniambia kabakiza vanishi tu na mimi naziona mbao zangu kwa macho yangu zimeegemea ukuta hazijapasuliwa. Mafundi wetu hawa, asee.

Ijumaa ya nne lipo. Na lilikuwa zuri, siwezi kumnyima haki yake, viungo vimekaana mpaka ukipitisha kucha hujui mbao moja imeishia wapi. Ila alikuwa ameliwekea miguu ya kuchongwa kama ya kochi, kitasa na funguo mbili, na katikati ya mlango ua kubwa la petali nane.

"Mzee, hili ua nilikuagiza saa ngapi?"

"Hilo sijakuchaji."

"Nitalipiga msasa mimi."

"Piga, mbao ni yako."

Nikalibeba kwa bajaji, nimelipakata kama mtoto mgonjwa. Jumamosi usiku watoto wamelala nikaanza kufunga. Madabodi ikaingia pale pale, haipungui haizidi. Pawa saplai ikaingia. Diski zikaingia. Nilichekelea peke yangu. Alafu nikachukua waya.

Kumbe plagi ya diski nayo ina urefu wake, na waya wake haukunjiki kama uzi, unataka sentimita tatu nne nyuma ya diski ndo upinde. Mimi nyuma ya diski nilikuwa nimeacha ukuta wa mninga. Ile plagi kubwa ya madabodi yenye pini 24, ndo kabisa, imesimama imegusana na diski ya chini. Na mkono wangu hauingii. Yaani hata kama waya ungeenea, wa kuuchomeka hayupo. Mke wangu katoka chumbani kunywa maji akanikuta nimelala kifudifudi na tochi mdomoni.

"Si ulipima?"

"Nilipima."

"Sasa?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi nikaazima msumeno wa chuma nikatoboa ubao wa nyuma, mninga ule mgumu nyie, nilikata saa zima na tundu lenyewe likatoka limepinda kama mdomo wa mtu anayekataa dawa. Waya zikatoka nje kupitia hapo, zikazunguka, zikaingia tena. Kwa nyuma ilikuwa aibu tupu lakini nyuma inaangalia ukutani. Mlangoni hakukuwa na shida, nje ua, ndani diski.

Nikawasha, ikawaka. Nikagusa skrubu ya pawa saplai, niko peku, nikasikia umeme unanitekenya. Sio shoti ya kukurusha, ni ule mtetemo mwembamba kama chungu wanatembea chini ya ngozi. Kwenye kompyuta ya kasha la bati kila kitu kinaunganika na bati, na bati linaunganika na eathi ya ukutani, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Kwenye kabati langu hakuna bati. Lakini ugonjwa wenyewe haukuwa hapo, nilipofungua soketi nikakuta lile tundu la tatu halina waya wowote nyuma yake, ni urembo tu kama ua la mzee. Tumeishi kwenye ile nyumba miaka minne na friji. Fundi umeme akaja akapiga nondo ya kopa ardhini uani, akavuta waya, mimi nikaenda Gerezani kwa mafundi bati nikakatiwa kipande cha alumini nikakilaza chini ya madabodi, kikafungwa pamoja na kasha la pawa saplai. Mtekenyo ukaisha.

Ukaja mlio. Diski inazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na mimi nilikuwa nimeibana moja kwa moja kwenye mbao, sasa ubao mwembamba uliokaushwa vizuri ndo huohuo wanaotengenezea magitaa. Usiku sebule nzima inaimba mmmmmm, mama alikuja kutusalimia akalala kwenye kochi, asubuhi akauliza kama tumefungua mashine ya kusaga. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli nikaviweka kati ya diski na mbao kila penye skrubu, na hapo tahadhari, skrubu za diski sio za seremala, ni fupi na uzi wake ni wa peke yake, ukilazimisha ndefu unaua diski kwa mkono wako. Nilitumia zile zile za kwenye kasha bovu. Mlio ukashuka mpaka ukawa unasikika ukiutafuta tu.

Mfumo niliweka OpenMediaVault, ni wa bure, umejengwa juu ya Debian, unaukalisha kwenye flashi au kidiski kidogo alafu skrini na kibodi unachomoa, kila kitu unafanya kwenye brauza ya laptopu. Hapo nilikaribia kwenda kugombana Kariakoo, maana diski nimenunua terabaiti 4 na mfumo unaniambia 3.64. Nishavaa viatu. Shemeji yangu anayesoma mambo hayo ndo akanituliza kwa simu, mwenye kiwanda anahesabu kwa elfu elfu, mfumo unahesabu kwa 1024, ukigawanya mara nne, kutoka baiti mpaka terabaiti, hiyo tofauti inakua mpaka inaonekana kama wizi. Nikavua viatu.

Nikaanza kumimina mafaili. Yaliyokuwa kwenye laptopu, yaliyobaki kwenye memori kadi, na kwa wateja wa zamani nilipita kuomba DVD zao nikopi. Rauta yangu ilikuwa ya zile za megabiti 100, maana yake megabaiti 11 kwa sekunde ukibahatika, gigabaiti 400 zilichukua kama masaa 10. Nilikaa naangalia ile mistari. Na katika kuangalia ndo nikaona joto la diski, nyuzi 51. Baada ya saa moja, 54. Diski nyingi mwisho wake zimeandikiwa 60, na huo ni mwezi wa kumi, Januari ya Dar bado haijafika. Feni ipo, ya sentimita 12, inazunguka, inatoa upepo nyuma, nauhisi kwa mkono. Sasa joto linatoka wapi?

Nikazima, nikalibeba mpaka Keko. Mzee akaniambia chomeka hiyo feni hapa tuione. Akavuta pafu moja la sigara, akainama, akapuliza moshi mlangoni kwenye upenyo. Moshi ukakaa pale, haukuvutwa. Akaja nyuma akapuliza karibu na lile tundu langu lililopinda, moshi wote ukaingia tundu, ukatokea kwenye feni palepale pembeni. Akarudia mara mbili, ya tatu nadhani alikuwa anafurahia tu. Hewa ilikuwa inazunguka kwenye kona ya nyuma kama mtu aliyepotea stendi, mbele kwenye diski haifiki kabisa.

"Nani amekata hili?"

"Mimi."

"Kwa meno?"

Vijana wake wakacheka mpaka mmoja akaweka patasi chini. Mzee akaziba lile tundu kwa kipande cha mninga, akaniachia kanjia kembamba ka waya na kipande cha godoro cha kuzibia pembeni, alafu akakata mpasuo mrefu chini kabisa mbele, chini ya mlango, akagongea wavu wa mbu kwa ndani kuzuia vumbi. Akasema mama yake alikuwa na kabati la nyavu la kuwekea nyama na maziwa, na baba yake alilitoboa chini upande mmoja na juu upande wa pili, sio pande zote, ndo hewa ipite juu ya chakula. Diski zenyewe nilikuwa nimezilaza moja juu ya nyingine, akaniuliza kwa nini zinalaliana, zina baridi? Tukazisimamisha, kidole kimoja kinapita katikati. 15,000, na hapo sikubembeleza.

Nyumbani ikakaa 43, mchana wa jua kali 45.

Mama alinipa albamu zake tena. Aliuliza tu, "si nilikupa ukaziweka?" Nikamwambia nilizidondosha. Nikaziskani upya, jioni baada ya jioni.

Masika ya mwaka uliofuata mlango ukagoma kufunguka. Mninga haukucheza kama alivyosema, ulikuwa umekaa vilevile, ila paina ilikunywa unyevu ikavimba ikang'ang'ania kwenye fremu, na mimi nataka kubadilisha waya mmoja ulionilegea ndani. Nilivuta mpaka kitasa kikabaki mkononi. Nikampigia mzee, akaja mwenyewe na randa kwenye mfuko wa salfeti, akalipangusa kabati juu kwa kiganja, akaliangalia pande zote, skrini niliyomfungulia aone picha hata hakuigeukia.

"Zima kwanza hicho kitu, maranda yataingia."

Nikazima. Akapenyeza patasi pembeni, mlango ukaachia, akauvua bawaba, akaupiga randa ubavuni mara tano sita, hata milimita mbili hazifiki. Mke wangu akamletea chai. Akiurudisha mlango akapitisha dole gumba kwenye petali za lile ua, moja moja, vumbi lilikuwa limejaa mle ndani.

"Msasa umekwisha madukani?" akaniuliza.

Mke wangu akajibu yeye, "Baba, hilo ua lisiguswe."

Akanywa chai yake, nikampa elfu tano na nauli.