Mwanga Chini ya Misizi ya Amani

Bodaboda ya kutoka Muheza kupanda msitu wa Amani, milimani Usambara, ilinila elfu thelathini, na dereva hakupunguza hata mia. Mvua ilikuwa imeichakaza barabara, begi la kamera nimelipakata njia nzima.

Nilikwenda kutafuta maduara. Kifaa cha NASA kiitwacho GEDI, kilichopelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018, hurusha leza, na kila mpigo huangukia duara lenye upana wa meta 25 hivi. Mwanga unaorudi hueleza majani yamepangikaje kuanzia kileleni hadi ardhini. Mimi nilitakiwa nisimame ndani ya maduara hayo, nielekeze juu lenzi ya jicho la samaki, ile inayochukua eneo pana sana kwa mara moja, nipige picha ya kupimia mwanga unaopenya.

Chini ya miti mikubwa GPS ikatuzungusha. Mara tumefika, mara duara liko ng'ambo ya kijito. Mzee wa Kisambaa aliyeniongoza alivumilia, mwisho akauliza, "Mwanangu, hicho chombo kinatafuta nini hasa?"

"Mwanga, mzee."

"Basi twende kwenye misizi."

Msizi si mti wa Amani. Uliletwa ukapandwa, kisha ndege hondohondo wakala matunda na kusambaza mbegu msituni. Kwenye picha ya setilaiti niliyobeba, misizi na misambu, miti ya asili ya Amani, ilikuwa kijani kimoja. Pale chini nilishangaa. Tulikotoka kulikuwa na giza la jioni saa moja asubuhi. Huku vidoa vya jua vilitembea juu ya majani makavu, na miche imesongamana hadi magotini. Mzee alikuwa akiijua tofauti ile tangu utotoni.

Kumbe jua lenyewe ndilo lililotukatili. Likipiga moja kwa moja, kingo za majani hung'aa nyeupe, na kompyuta huzihesabu kuwa anga. Ilibidi tungoje alfajiri ya pili, nami nilipie tena chumba chenye godoro jembamba kwa bei ya hoteli ya Tanga mjini.

Kwetu ni Kisarawe. Usiku ule niliuwaza sana msitu wa Pugu. Wachoma mkaa wameangusha miti mikubwa, vichaka vimeshika nafasi, na anayetazama kutoka juu bado anaona kijani tele. Inaniuma. Nimeshaandika barua ya kuomba kibali cha kuingia Pugu na kamera, alfajiri, kabla jua halijachomoza.