Kicheko Kisimeze Kidokezo

Landilodi anakufa ukurasa wa tatu. Anakutwa kando ya tangi la maji, tarehe tano, siku ya kukusanya kodi, na kuanzia hapo hakuna mpangaji wa ile ploti asiyeshukiwa. Mama wa kiosk cha chini alikuwa anamdai. Kijana wa orofa ya juu alifungiwa nyumba kwa kufuli la landilodi. Mke wa pili amefika kwa teksi kabla ya polisi. Nilipousoma muhtasari huo wa mchezo mpya kwenye kundi letu la waigizaji wa Eastlands, Nairobi, pamoja na tangazo la odisheni, niliomba ruhusa kazini ya Jumamosi mchana palepale.

Mimi nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, na jukwaa nimelipenda tangu tamasha za drama za shule. Baada ya shule nimeigiza kanisani na kwenye kampeni za afya mtaani, michezo ambayo mwisho wake unajulikana hata kabla hujaanza: mlevi anaokoka, mgonjwa anakubali kwenda kliniki. Naiheshimu michezo hiyo. Lakini mchezo wa kumsaka muuaji una mtazamaji wa namna nyingine. Anakukagua. Hata ukisimama pembeni kimya huku wenzako wakizungumza, yeye anaangalia mikono yako.

Odisheni ilifanyiwa ukumbi wa jamii wa Kaloleni. Mwelekezi wetu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na wote tunamwita Mwalimu. Alikataa maikrofoni tangu mwanzo: sauti ifike ukuta wa nyuma. Tulipokuwa tukisubiri, mzee mmoja aliyekuja kutazama tu alisema mambo ya upelelezi ni ya Wazungu. Najua kwa nini anaona hivyo. Jumba letu la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza lilifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, na kwa miaka mingi jukwaa lake lilitawaliwa na michezo ya kutoka Uingereza. Mwezi huohuo wa Novemba 1952, kule London, mchezo mmoja wa upelelezi ulianza kuonyeshwa, ukaendelea hadi korona ilipofunga kumbi mwaka 2020. Lakini nilimwambia, "Mzee wangu, kwetu Umoja suruali ikipotea kwenye kamba asubuhi, kufika jioni ploti nzima inajua aliyeichukua, alipitia ngazi gani na nani alimfungulia geti." Alitikisa kichwa, ila hakuondoka.

Nilisomeshwa nafasi ya msimamizi wa ploti, akihojiwa na OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Aliyesoma OCS ni kijana wa Jericho mwenye sauti nzito, ambaye kabla hatujapanda aliniuliza kwa adabu, "Dada, nikusogelee au nikae mbali?" Nilimwambia asogee. Msimamizi ni mtu aliyezoea kusogelewa na wanaomfokea.

OCS anauliza, "Ulimpenda marehemu?"

"Nilimpenda sana, afande. Kila mwisho wa mwezi."

"Na katikati ya mwezi?"

"Katikati ya mwezi nilimwombea."

Ukumbi ulicheka. Sasa, mstari unaofuata wa msimamizi ni huu: "Hata asubuhi hiyo nilimjazia ndoo ya maji ya kuoga." Ukiusikia hivihivi ni maneno ya kupita tu. Lakini ukurasa wa kwanza wapangaji wamelalamika kwamba maji yamekatika tangu Jumanne. Aliyejaza ndoo aliyapata wapi maji? Mchezo wote unaning'inia hapo, na mwandishi ameuweka mstari huo nyuma kabisa ya kichekesho kikubwa cha onyesho. Ukiusema watu wakiwa bado wanacheka, hakuna anayeusikia, na siri ikifichuka mwishoni watazamaji wataona wamedanganywa. Ukingoja hadi ukumbi unyamaze kabisa, umewanyooshea kidole: sikilizeni, hiki hapa kidokezo. Lazima uingie kicheko kikiwa kinashuka, na uuseme kama mtu anayejisifia utumishi wake mwema.

Waliosoma kabla yangu walikuwa na vipaji, sisemi vingine. Mmoja alikuwa na uso ambao ukiutazama tu unacheka. Lakini walikimbilia ndoo. Nami kaunta imenifunza jambo hili: mteja akiwa bado anacheka au anagombana na mekanika wake kwenye simu, ukimtajia bei atakuuliza tena. Unangoja avute pumzi. Basi nilingoja, nikamtazama OCS, nikaikunja kanga ambayo sikuwa nayo, halafu nikasema kuhusu ndoo. Mwalimu aliandika kitu. Kisha akatuambia turudie, mara hii tusichekeshe hata kidogo, tusome kama watu walio matangani.

Ilichekesha zaidi. Nilikuwa nikitazama Vioja Mahakamani, kile kipindi cha vichekesho vya mahakamani kwenye runinga, na nyanya yangu utotoni, na nilipokuwa pale jukwaani nilielewa kwa nini tulicheka vile: mshtakiwa anajitetea kwa nguvu zake zote asifungwe. Msimamizi wangu naye hana mzaha. Mtu aliyemlipa mshahara amekufa, polisi wako mlangoni, na chumba anacholala ni cha marehemu. Anaogopa. Nikiisahau hofu hiyo, ninabaki mtu anayesema vichekesho tu, na wa namna hiyo Nairobi tunao wa kutosha.

(Kidokezo cha ndoo kimeshabadilishwa kwenye skripti mpya. Mwalimu ameniruhusu kukieleza, kwa hivyo siwaharibii uhondo.)

Jambo moja zaidi, kwa kina dada wanaofikiria kujaribu. Malipo hakuna, tunachangiana nauli, na mazoezi ni jioni baada ya kazi. Kabla ya kukubali kusoma niliuliza mazoezi yanaisha saa ngapi, kwa sababu mvua ikinyesha nauli ya Jogoo Road inapanda na stejini unasimama gizani. Mwalimu alijibu mbele ya wote: saa moja na nusu tumefunga, na tunaondoka kwa vikundi. Ulizeni swali hilo popote mnapokwenda.

Alinipigia simu juzi. Nimepata nafasi ya msimamizi, na kijana wa Jericho ndiye OCS. Kuhusu muuaji, Mwalimu anamfichua kwa waigizaji baada tu ya mistari yote kushikwa kichwani. Nimemwomba kwamba kama ni mimi, aniambie mwisho kabisa. Nataka kwanza nimpende landilodi, hata katikati ya mwezi.