Mtoto wa miezi saba

Jana alasiri tulivuka kutoka Mokowe kuja Lamu, dada yangu amempakata mwanawe ndani ya kanga mbili. Alizaliwa wiki ya 30. Bibi alimpokea, akamtazama usoni, akasema kama wasemavyo wakongwe: "Wa saba huishi. Wa minane ndiye wa kuombewa."

Sikumbishia. Lakini kule hospitali muuguzi alikuwa akipima nepi kwenye mizani kila asubuhi, mkojo ukathaminiwa kama dhahabu, nami usiku nikawa nasoma habari za figo kwenye simu.

Kumbe figo hujengwa mara tatu. Ya kwanza huchomoza wiki ya 4 ikapotea bila kazi. Ya pili huchuja kidogo, nayo huvunjwa, ila kwa mtoto wa kiume mirija yake hubakishwa ije ipitishe mbegu. Ya tatu ndiyo hii yetu, huanzia chini nyongani wiki ya 5. Kichipukizi cha mrija huingia kwenye tishu laini, kila kimoja kikimwamsha mwenzake. Kichipukizi hugawanyika mara mbili, kila tawi mara mbili tena, kama vichochoro vya Langoni (nasingizia, vyetu havina mpango huo). Penye ncha za matawi seli hujikusanya zikawa kijifuko, kikajipinda kama alama ya mkato, kisha kama herufi S. Upande mmoja wa S huingiwa na vishipa vya damu ukawa kichujio, upande wa pili ukaungana na tawi. Hiyo ni nefroni moja! Kufikia wiki ya 10 hivi mtoto ameanza kukojoa humo tumboni.

Kilichoninyima usingizi ni hesabu ya nefroni hizo. Wastani ni kama milioni 1 kwa kila figo, ila wapo wenye laki 2 na wenye milioni 2. Zaidi ya nusu hutengenezwa miezi mitatu ya mwisho, na wiki ya 36 kazi hukoma. Haiongezeki hata moja tena. Aliyezaliwa kabla ya wakati huendelea kuzitengeneza wiki chache tu, na zikiwa haba, presha huweza kumfuata ukubwani.

Nilimweleza bibi. "Za huyu ngapi?"

"Hazihesabiki mtu akiwa hai, bibi."

"Na zako je?"

Nikanyamaza.

Alfajiri mtoto kalowesha kanga. Nimeipima uzito kwa mkono kabla ya kuifua.