Kupasua njia kwenye kichaka cha bustani

Kona ya bustani iliyomezwa na magugu humtia mtu hamu ya kushika panga na kuanza kufyeka papo hapo. Subiri kwanza mvua inyeshe. Ingia humo maji yakiwa bado yanatiririka, uone yanatokea wapi na yanatuama wapi. Njia iliyo chini kuliko ardhi ya pembeni hugeuka mtaro, na kokoto zote huishia bondeni. Ikikatiza mteremko kwa mshazari hudumu zaidi kuliko ikishuka moja kwa moja.

Fyeka kwa awamu mbili. Ya kwanza ni ukanda mwembamba tu wa kukupitisha. Vaa buti na glavu nene, pigapiga majani kwa fimbo ndefu kabla ya kutia mkono, kwa kuwa nyoka na nyigu hupenda mahali pasipopitwa. Vichaka vyenye mti mgumu vikate usawa wa goti, si usawa wa ardhi. Kisiki kirefu utakishika na kukisukuma huku na huku wakati wa kung'oa. Kifupi kitakulazimisha kuchimba shimo kubwa maradufu, na kabla ya hapo kitakuwa kimeshatoboa kiatu cha mtu.

Sasa chora njia. Kona zilaze kwa mpira wa maji, sehemu zilizonyooka uzivutie kamba kwa vigingi. Sentimita 90 zinamtosha mtu mmoja na toroli. Watu wawili wakitembea sambamba wanataka 120. Usipunguze hapo, maana mimea ya pembeni itakula upana wake hata hivyo. Awamu ya pili ya kufyeka izidi mstari kwa sentimita 30 kila upande, na matawi ya juu yakatwe hadi mita 2.2, kwani yakilowa hushuka.

Mizizi ndiyo kazi yenyewe. Visiki vya vichaka chimba kuvizunguka, kata mizizi ya pembeni kwa shoka, kisha sukuma. Mti mkubwa unaotaka kuubakiza ni habari nyingine: mzizi wake unaozidi unene wa kidole gumba usiukate. Hapo usichimbe kabisa. Inua njia ipite juu ya mizizi kwa kokoto kubwa zisizo na vumbi, ili hewa na maji viendelee kupenya.

Adui mkali kuliko visiki ni ukoka na nyasi nyingine zinazotambaa chini ya ardhi. Ukizikatakata kwa jembe la kawaida unazizidisha, kwa sababu kipande kifupi chenye kifundo kimoja huchipua upya. Lowesha udongo, uulegeze kwa jembe la meno, ufuate kila uzi kwa mkono mpaka mwisho wake. Ulichong'oa usikitupe kwenye mboji kikiwa kibichi. Kianike juani hadi kivunjike kikikunjwa. Kisha mwagilia eneo lote, acha wiki tatu, ung'oe kitakachochipua. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayoamua kama njia itabaki safi.

Baada ya hapo chimba sentimita 15: kumi za tabaka la msingi, nne za kokoto za juu, moja ibaki ili kingo zizuie kokoto kumwagika. Sakafu ya shimo ilale kidogo upande mmoja, sentimita 2 kwa kila mita ya upana. Kwa njia ya sentimita 90, weka kibao cha milimita 18 upande wa chini, laza ubao ulionyooka juu yake hadi upande wa pili, kisha weka pima maji: povu likikaa katikati, mteremko ni sahihi.

Udongo ukiwa wa mfinyanzi, tandika kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji kabla ya msingi, vipande vipandane kwa sentimita 30. Kinazuia mawe yasizame kwenye tope. Plastiki siipendekezi hata kidogo. Inafungia maji ndani na njia inakuwa bwawa.

Msingi uwe wa mawe yaliyopondwa, yenye ncha, yaliyochanganyika kuanzia vumbi hadi milimita 20. Ncha hushikana, kokoto za mtoni, zilizo laini, huteleza chini ya mguu kama gololi. Njia ya mita 12 kwa 0.9, kina 0.1, ni mita za ujazo 1.08, lakini agiza 1.35 kwa kuwa kushindilia hupunguza ujazo. Mwaga tabaka la sentimita 5, nyunyizia maji kidogo, shindilia mpaka kisigino kisiache alama, ndipo uongeze la pili. Ukimwaga kumi kwa pamoja, juu patakuwa pagumu na chini patabaki legevu, na gurudumu la toroli litachimba mfereji. Kokoto za juu ziwe za milimita 6 hadi 10. Zaidi ya sentimita 4 mguu unazama.

Kingo za mawe zifukie nusu. Za mbao zishikize kwa kigingi kila mita moja, na kwenye kona viwe karibu zaidi. Upande wa chini acha mianya ya sentimita 5 kila baada ya mita 2, maji yatoke.

Ardhi ikipanda zaidi ya sentimita 10 kwa mita, kokoto hazitatulia, jenga ngazi. Kimo cha sentimita 15 na kina cha 40 vinafaa mguu wa bustanini, kila ngazi ikiinama mbele sentimita 1 ili isihifadhi maji.

Kama mawe hayapatikani, vipande vya mbao zilizosagwa, unene wa sentimita 8, vinatosha, hasa chini ya miti. Huoza, kwa hiyo ongeza kila mwaka.

Magugu yatakayoota juu ya kokoto hutokana na mbegu zinazopeperuka. Yang'oe yakiwa na majani mawili tu. Ukipanda mimea pembeni, iweke mbali na ukingo kwa nusu ya upana itakaokuwa nao ikikomaa.