Wekundu Si wa Rai: Kuonja Eli Nyekundu Ukiwa Kisumu

Mtu akimiminiwa eli nyekundu ya rai (eli ni aina ya bia, rai ni nafaka ya jamii ya ngano) kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza kusifu ni rangi, na sifa hiyo anaipa rai. Anakosea. Kimea cha kawaida cha rai ni cheupe, karibu sawa na kimea cheupe cha shayiri, na bia iliyopikwa kwa hivyo viwili peke yake hutoka na rangi ya asali nyepesi. Wekundu huletwa na vimea vingine: kimea cha kristali, ambacho sukari yake imeungulia ndani ya punje, na shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi kama kahawa. Ya pili hiyo, gramu 50 au 60 tu kwenye pipa la lita 20 zinatosha kuitoa bia kwenye rangi ya kaharabu na kuitia wekundu wa shaba. Rai yenyewe haionekani kwa macho. Inanuswa kidogo, inaonjwa zaidi, na kuliko vyote inaguswa kwa ulimi.

Hapo ndipo kazi ya mwamuzi, anayeonja bia na kuipa alama, ilipo. Bia hii ina vitu vingi vinavyofanana na rai ambavyo si rai, na asiyejua kuvitenganisha atampa mpishi alama za nafaka ambayo huenda hata hakuitia ya kutosha.

Rai ikiwa asilimia 15 hadi 20 ya kimea chote, utapata pilipili manga, lakini si ile ya kuwasha. Ni kama harufu inayobaki kwenye kinu baada ya pilipili kutwangwa na kuondolewa. Nyuma yake kuna udongo kidogo na ganda la mkate mweusi. Tahadhari moja: mikate ya rai ya Ulaya mara nyingi hutiwa kisibiti, na wengi walioila huamini kwamba ladha ile ya kisibiti ndiyo rai. Usiitafute kwenye glasi.

Ladha ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mguso. Chukua uji wa wimbi mwepesi, uliochujwa vizuri, ukapoa: ule utelezi wake mdomoni ndio rai inaoupa bia. Kisha, bia ikishamezwa, utelezi huo unakatika na mdomo unabaki mkavu, safi, na pilipili inarudi kidogo kupitia puani. Utelezi katikati, ukavu mwishoni. Bia nyekundu isiyo na rai mara nyingi huwa kinyume: inaanza nyepesi na kuishia na utamu wa karameli unaoganda. Kwangu hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, na ningekiamini hata kama pua imezibwa na mafua.

Utelezi huo una chanzo chake. Rai ina beta-glukani na arabinozailani kwa wingi, nyuzinyuzi za nafaka zinazonata, na hizo hufanya maji ya kimea yawe mazito kama bamia iliyochemshwa. Tena punje ya rai haina ganda kama la shayiri, na ganda ndilo linalofanya kazi ya chujio. Kwa hiyo mpishi akiloweka kimea chake na kufungua bomba, mara nyingi hakishuki kitu. Dawa ni makapi ya mpunga, na hapa kwetu hayana shida ya kupatikana: nenda kwenye vinu vya Ahero. Gramu 200 kwa kila kilo ya rai zinatosha. Yaoshe mpaka maji yatoke safi, uyamwagie maji ya moto, ndipo uyachanganye na kimea. Wengine pia huanza kwa kuloweka kimea kwenye nyuzi 40 hadi 45 za selsiasi kwa dakika 20, ili beta-glukani ikatikekatike, kabla ya kupandisha joto hadi 66 au 67 kwa saa nzima.

Haya yanamhusu mwonjaji kwa sababu haraka ya mpishi hutokea mezani. Chujio likiziba, asiye na subira hukandamiza machicha na kuyasuuza kwa maji yaliyopita nyuzi 77. Kinachotoka humo ni tanini, na tanini ni ukakasi: ule wa ndizi mbichi, au wa mapera ambayo hayajaiva, unaokunja ufizi na kukausha mashavu. Mwonjaji asiyejua atauita ukavu wa rai. Tofauti ni hii: ukavu wa rai hauachi kitu juu ya ulimi, na dakika moja baadaye unataka funda jingine. Ukakasi hukaa, na kila funda linauongeza.

Huyo ni mwigaji mmoja wa rai. Wa pili ni karafuu. Baadhi ya hamira, hasa zile za bia za ngano za Ujerumani na za Ubelgiji, hutengeneza kemikali inayonukia karafuu waziwazi, na hamira mwitu iliyoingia kwa uchafu hufanya hivyo hivyo. Karafuu hupanda puani mapema, ni tamu kidogo, inakumbusha chai ya viungo au chumba cha daktari wa meno. Pilipili ya rai huja nyuma, haina utamu. Kwa eli nyekundu ya mtindo wa Kimarekani, iliyopikwa kwa hamira safi, karafuu ni kasoro. Mwigaji wa tatu ni hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Zipo aina zenye ladha ya viungo na msonobari, na mpishi akizitia kwa wingi dakika za mwisho hutajua tena kama pilipili ni ya nafaka au ya ua. Ukishindwa, acha glasi ikae dakika 20. Harufu ya hopsi hupungua upesi hewani. Kilichobaki ukirudi, aghalabu ni cha kimea.

Njia bora ya kuufunza ulimi haihitaji bia hata kidogo. Tafuta gramu 50 za kimea cha rai na gramu 50 za kimea cheupe cha shayiri. Saga kila kimoja peke yake, weka kwenye flaski ya chai, mimina mililita 400 za maji ya nyuzi 65, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Onja vikiwa vimepoa, kimoja baada ya kingine. Cha shayiri kitakuwa kitamu, chepesi, kama biskuti. Cha rai kitachukua muda mrefu zaidi kushuka kwenye karatasi (hilo peke yake ni somo), kitateleza, na kitakuwa na ladha ya udongo na viungo. Fanya vivyo hivyo na kimea cha kristali na utaikuta sukari nguru, ile nyeusi ya viwanda vidogo vya upande wa Kakamega, pamoja na tende na zabibu kavu. Kwa harufu ya kimea kilichobanikwa, aliyewahi kusimama karibu na unga wa busaa unaokaangwa kwenye bati hana haja ya kufundishwa.

Tukitaja busaa: ugwadu wake ni sehemu ya uzuri wake. Kwenye eli hii ugwadu ni alama ya bakteria, na ulimi uliozoea busaa unaweza kuusamehe bila kujua. Jichunge.

Sasa meza. Kwenye baa utaulizwa baridi ama ya moto, na hakuna jibu lililo sahihi kwa kuonja. Bia iliyotoka kwenye friji la nyuzi 3 au 4 haina harufu. Ya moto, alasiri ya Kisumu ikiwa nyuzi 29, inanuka pombe na kupoteza gesi. Unataka nyuzi 8 hadi 12. Chupa ya mililita 500 ikitolewa kwenye friji, iache mezani kama nusu saa, na uhakikishe kwa kipimajoto badala ya kukisia.

Glasi ndiyo huharibu hukumu nyingi, hasa mji wa samaki kama huu. Mafuta kidogo tu, ya kidole kilichoshika mbuta wa kukaanga au ya kitambaa cha jikoni, hulivunja povu mara moja, na mwamuzi anamlaumu mpishi. Osha kwa sabuni isiyo na manukato, suuza sana, acha ikauke ikiwa imeinamishwa bila kufutwa. Kujua kama ni safi, ilowanishe ndani na unyunyize chumvi: ikishika kila mahali sawasawa, sawa, ikiacha mabaka, kuna mafuta. Suuza chumvi kabla ya kumimina. Wanaoonja wasile omena wala kachumbari saa moja kabla, wasijipulizie manukato. Cha kusafisha ulimi, maji na mkate mweupe hutosha, ingawa mimi napendelea ugali uliopoa, ambao hauna chumvi na haubakishi ladha.

Mimina mililita 100 hadi 150 tu na unuse papo hapo, kabla hata ya kutazama, kwa pumzi fupi fupi. Harufu nyepesi hutoroka kwanza. Ndipo uiinue glasi mbele ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa mchana, si chini ya balbu za rangi. Wekundu mzuri uko kati ya 11 na 17 kwenye SRM, kipimo cha rangi ya bia ambacho namba ikipanda bia ni nyeusi zaidi. Ukitazama pembeni uwe wa shaba au wa marijani, si kahawia ya matope. Utusitusi kidogo ni halali, rai hufanya hivyo. Povu liwe zito, la rangi ya maziwa ya chai, na liache pete kwenye glasi. Kisha onja, na umeze. Anayetema hawezi kuujua mwisho wa bia, na mwisho ndiko iliko rai.

Karatasi ya alama ya BJCP, chama cha waamuzi wa bia kilichoanzia Marekani, ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa mdomoni 5, na hisia ya jumla 10. Zingatia jinsi mwonekano ulivyo mdogo. Rangi yote ile inayosifiwa imo ndani ya alama tatu! Chukulia bia yenye wekundu safi na povu la kudumu, karameli na ganda la chungwa puani lakini rai hafifu, utelezi mzuri, kisha utamu unaobaki mwishoni. Ningeipa 8, 3, 13, 4 na 7, jumla 35, ambayo kwenye kipimo chao huangukia kundi la 30 hadi 37, nzuri sana. Na chini ningeandika sababu: utamu wa mwisho umeifunika rai, punguza kimea cha kristali kutoka asilimia 10 hadi 6, au upime kama uchachukaji ulifika mwisho. Alama bila sababu haimsaidii mpishi.

Uchachukaji hupimwa kwa haidromita, kifaa kinachoelea kwenye bia na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000. Ikiwa ilianza 1.055 na kuishia 1.013, tofauti 0.042 ukiizidisha kwa 131.25 inatoa kilevi asilimia 5.5, mahali pazuri kwa bia ya aina hii. Ikiishia 1.020, umepata chanzo cha utamu. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Ukisoma kwenye nyuzi 30, ongeza takriban 0.0025.

Kasoro za hali ya hewa yetu zinajirudia. Chumba cha nyuzi 28 bila kupozwa huifanya hamira itoe pombe kali zinazochoma koo, na harufu ya ndizi isiyohitajika. Eli inataka 18 hadi 20. Maji ya bomba yenye klorini huacha harufu ya plasta ya kidonda, na hakuna kiasi cha hopsi kinachoifunika. Harufu ya siagi ya bisi maana yake bia iliondolewa kwenye hamira mapema mno. Harufu ya mahindi ya kuchemsha maana yake bia haikuchemshwa vya kutosha, jambo linalohitaji uangalifu zaidi ukipanda milimani: maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi Kisumu, 94 Nakuru, 93 Eldoret, na hopsi nazo hutoa uchungu pungufu kwa kiasi kile kile. Chupa iliyokaa kwenye rafu ya joto hunuka katoni iliyolowa, na karameli yake hugeuka kuwa kama asali iliyozeeka. Iliyowekwa juani kwenye chupa ya kijani au isiyo na rangi hunuka kicheche.

Na gesi. Chupa iliyotiwa sukari gramu 6 kwa lita na kufungwa Kisumu, kwenye mita 1,131, hutoa povu zaidi ikifunguliwa Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, kwa kuwa hewa ya kule inalisukuma povu kwa nguvu ndogo. Kabla ya kukata alama za gesi nyingi, uliza ilifungwa wapi, imimine polepole glasi ikiwa imeinamishwa, iache itulie dakika mbili, ndipo uonje tena. Ikiwa povu linaendelea kupanda lenyewe na kuna ugwadu chini yake, si mwinuko, ni bakteria.